Barua kwa mwanangu: Bibi akikataa kula

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza, "Mama, Bibi akikataa chakula, nimlazimishe?" Hapana. Muda wote atakaokaa kwako wakati mimi natolewa mtoto wa jicho, usimlazimishe. Mwenye ugonjwa wa kusahau ukimshindilia chakula, ni rahisi kipite njia ya hewa, na hapo ndipo nimonia inapoanzia. Kiondoe, mzungumze mengine, kirudishe baada ya nusu saa. Mara nyingi atakula kana kwamba ndiyo kwanza anakiona.

Halafu chunguza kilichomfanya akatae, maana si ukaidi. Ugali mweupe kwenye sahani nyeupe haoni kitu. Mimi humwekea kwenye ile sahani ya buluu isiyo na maua. Kitambaa cha meza chenye maua nacho kikunje. Hapa alikuwa akiyadonoa yale mawaridi kwa vidole, huku ugali unapoa pembeni. Zima televisheni. Wali, mchicha na tunda usimpangie vyote kwa pamoja, mpe kimoja kimoja.

Kijiko kinamchanganya, lakini mkono wake bado unaijua kazi. Mnawishe, mkae mle pamoja. Akikuona unamega tonge, naye atamega. Akisitasita, mtie tonge vidoleni, uushike mkono wake mwende nao mpaka mdomoni. Samaki mtolee miba yote, upapase minofu wewe mwenyewe, maana siku hizi akikuta mwiba hautemi. Siku ambayo hatulii kitako, mpe vya kushika: kiazi kitamu cha kuchemsha, ndizi, yai, kitumbua. Atakula huku anazunguka uani. Na kwa kuwa amepungua, uji wake utie karanga za kusaga au tui zito.

Ukimuuliza kama ana kiu atasema hana. Usimuulize, mpe kikombe mkononi, nawe unywe chako. Akibadilika ghafla, akaweweseka au akalala mno, usiseme ndio ugonjwa wake huo. Huenda amepungukiwa maji au ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Wakati wa kula awe ameketi wima, na abaki hivyo nusu saa baada ya kumaliza. Kisha mtazame ndani ya mashavu, huficha chakula. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti ikakoroma kama ana maji kooni, hilo nalo ni la daktari.

Kuna siku atakwambia amefunga, na Ramadhani bado mbali. Usibishane naye. Mwambie mgonjwa ameruhusiwa kula, umwache kidogo, urudi. Na kuna siku atamwambia jirani kuwa tangu asubuhi hajatia kitu kinywani, ilhali sahani haijakauka. Wewe usijitetee, msogezee ndizi nyingine. Jirani atasema lake; watu hawakosi la kusema, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuja kumlisha.

Anakuja Alhamisi na kaka yako kwa basi la asubuhi. Meno yake ya bandia yamo kwenye kikopo chenye kifuniko cha kijani, ndani ya mkoba wake. Yamelegea tangu alipokonda, kwa hiyo akiyatoa katikati ya chakula usimrudishie, mpondee chakula tu. Na hicho kikopo usije ukakimwaga ukidhani ni maji matupu.

Mama yako,
Tanga