Kabla hujatuma PDF kwa mchapaji, kagua nyeusi yako

Mi nafanya kazi pripresi, yaani pale katikati ya mdizaina na watu wa mashine, na kama kuna kitu kimoja ningewaomba wadizaina wote basi ni hiki: fungua PDF yako kwenye Acrobat, ingia Output Preview (pale inapoonyesha kila wino peke yake), toa tiki kwenye nyeusi. Maandishi ya kawaida yakipotea yote uko salama. Yakibaki na kikahawia fulani hivi, hapo kuna kazi.

Kwa nini? Ofseti, yaani uchapaji wa mashine kwa kutumia pleti, ikiwa ya rangi kamili ina pleti nne, sayani, majenta, njano na nyeusi, kila moja ni bati jembamba la alumini. Faili lako likishaingia kwenye ripu, programu inayoliandaa kwa ajili ya pleti, linageuzwa lote, fonti, picha, mistari, kila kitu kinakuwa vidoti, mara nyingi 2400 kwa inchi, na kidoti ama kipo ama hakipo, hakuna kijivu hapo. Kisha CTP, mashine ya kutengeneza pleti, inachora kwa leza moja kwa moja kwenye pleti, mambo ya filamu yamepitwa. Pleti nyingi zinaoshwa kwa dawa na kupakwa gamu, ikifika kwenye mashine palipo na picha panashika wino, palipo wazi panashika maji na wino unakataa. Wageni huwa wanashangaa kukuta herufi kwenye pleti zinasomeka vizuri tu, hazijageuka, ni kwa sababu wino unapita kwanza kwenye mpira ndio unaenda kwenye karatasi.

Sasa nyeusi ya RGB (rangi za skrini) ikibadilishwa ovyo kuwa rangi hizo nne inaweza kutoka sayani 75, majenta 68, njano 67, nyeusi 90, jumla asilimia 300 ya wino kwenye kaherufi ka pointi 8! Pleti nne zote zitue palepale, na karatasi ikipata maji inatanuka kidogo, ikihama hata kaunywele unaona herufi zina kivuli cha pinki. Weka nyeusi 100 peke yake na hilo tatizo halipo. Halafu mteja akikumbuka koma baada ya pleti kutoka (na atakumbuka tu), unarudia pleti moja badala ya nne.

Ila eneo kubwa la nyeusi ni kinyume chake, nyeusi peke yake inaonekana imefifia, ongeza sayani kama 40 hivi chini yake.

Kingine kinachoumiza ni ovaprinti, yaani kuamuru kitu kichapwe juu ya rangi ya chini bila kuitoa. Logo nyeupe iliyowekewa ovaprinti kwenye skrini unaweza kuiona vizuri kabisa, ila kwenye pleti nyeupe ni sehemu isiyo na wino, ukiiambia ichapwe juu ya rangi maana yake usichape kitu, logo inayeyuka. Hii hutokea sana mtu akichukua logo nyeusi yenye ovaprinti akaibadilisha rangi tu. Washa onyesho la ovaprinti kwenye Acrobat utaiona ikipotea.

Blidi (ziada inayovuka mstari wa kukatia) milimita 3 kila upande, picha 300 dpi kwa saizi itakayochapwa, haya mnayajua. PDF/X-1a au X-4, aina mbili za PDF za uchapaji, muulize mchapaji wako, ya kwanza inabapa transparensi yote (vitu vinavyoonyesha vilivyo chini yake) na ya pili inaiacha hai mpaka kwenye ripu, na ripu za zamani zinaweza kusumbua hapo.

Na tafadhali usitupangie kurasa mbilimbili, tuma moja moja kwa mfuatano. Kwenye kijitabu cha pini chenye kurasa 16, ya 1 inakaa na ya 16, ya 2 na ya 15, huko kupanga kurasa kwenye karatasi ya mashine, impozisheni, ni kazi yetu na ukishaziunganisha inabidi tukae kuzikata upya. Hakikisha tu idadi inagawanyika kwa 4.

Prufu, yaani sampuli ya kuhakiki kabla ya kuchapa, ukiletewa, uliza imetoka wapi. Iliyotoka kwenye faili lililokwisha kupita ripu ndiyo ya kusaini, ile ya printa ya ofisini kwako haina habari na pleti.