Bei ya chakula huhesabiwa kwenye sahani: kununua na kupika Bukavu soko linapopanda

Bei ikipanda, nyumba nyingi huanza kwa kupunguza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, kisha mafuta, mwisho maharagi ya watoto. Huo ni mwanzo mbaya. Kabla ya kugusa chakula chenyewe, tafuta pesa inayotoka bila kufika mdomoni: kopo lililobonyezwa kitako, makala (makaa) yanayoungua mchana kutwa chini ya sufuria moja, unga uliovunda, dola iliyohesabiwa vibaya. Murongo (kopo la kupimia sokoni) wa maharagi ya bei rahisi unaomaliza mbabula (jiko la makala) mbili ndio ulio ghali.

Tuanze na maharagi, maana ndiyo yanayobeba familia nyingi za Kadutu, Bagira na Panzi, mitaa ya Bukavu, mashariki mwa Kongo. Katika milima ya Kabare, Walungu na Kalehe huvunwa mara mbili kwa mwaka. Yaliyopandwa Septemba huvunwa Desemba na Januari; yaliyopandwa Februari au Machi huvunwa Juni na Julai. Wiki chache baada ya kila mavuno ndipo bei huwa chini, kisha hupanda kadiri ghala zinavyokauka. Barabara zikifungwa kalenda hiyo huvurugika, lakini hata hapo maharagi mapya hubaki nafuu kuliko ya miezi ya njaa. Hesabu gramu 100 za maharagi makavu kwa mtu mzima na 60 kwa mtoto. Nyumba yenye wakubwa watatu na watoto wanne hutumia kama gramu 540 kwa siku. Wakila maharagi siku nne kwa wiki, kilo 15 zitawafikisha wiki saba hivi.

Kilo 15 ni karibu bidoni (dumu) moja ya litre 20 iliyojaa. Lakini tumia bidoni nne za litre 5 badala ya moja kubwa, ili unapofungua moja, hewa isiingie katika zote. Anika maharagi juani siku mbili juu ya turubai. Kisha yajaribu: tia konzi moja ya maharagi na kijiko cha chumvi kavu katika chupa kavu, funika, tikisa, yaache dakika 15. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, bado yana maji, yarudishe juani. Chumvi ikianguka yote chini, yako tayari. Jaza bidoni hadi shingoni ukiigonga chini ili maharagi yashuke, weka kipande cha plastiki juu ya mdomo, kisha kaza kifuniko. Wadudu waliomo humaliza hewa na kufa, bila dawa. Wengi hukosea kwa kujaza nusu, kwa sababu nafasi inayobaki juu ni hewa ya kutosha wadudu kuzaana. Bidoni iliyowahi kubeba petroli au dawa ya mimea isitumike kamwe, hata ikioshwa mara kumi.

Upishi ndio unaokula makala. Bukavu iko mita 1500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100. Ndiyo maana maharagi huku hukawia kuiva kuliko kule Uvira, na ndiyo maana kuloweka si jambo la hiari. Loweka jioni, kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili, mwaga maji hayo, weka mapya. Nyanya na limau vije mwishoni, kwa sababu uchachu hufanya ganda ligome kulainika. Maharagi yaliyokaa mwaka mzima mahali penye joto na unyevu hayaivi vizuri hata ukiyaloweka. Muulize mama muuzaji ni ya mavuno gani, na ukiona yamekuwa meusimeusi na kukunjamana, bei ndogo isikuvute.

Baada ya hapo, tumia kapu la joto. Chukua kapu kubwa au katoni, likaze ndani kwa blanketi kuukuu, nguo chakavu au majani makavu ya ndizi, unene wa kiganja kila upande, chini na juu pia. Chemsha maharagi yaliyolowekwa kwa moto mkali kwa dakika 40, sufuria ikiwa imefunikwa. Usipunguze mchemko wa mwanzo: maharagi mekundu yana sumu inayoondoka tu yakitokota kwa nguvu angalau dakika 10, na joto la kapu peke yake haliiondoi. Hamisha sufuria upesi ndani ya kapu ikiwa bado inatokota, funika, usiifungue kwa saa nne. Sufuria iwe imejaa zaidi ya theluthi mbili, kwa kuwa chakula kidogo hupoa haraka. Ukitoa, rudisha motoni itokote tena, ndipo utie mafuta, kitunguu na chumvi. Usilaze chakula ndani ya kapu: kikishakuwa vuguvugu, huharibika. Kwa njia hii makala ya sufuria moja yanapungua zaidi ya nusu, na tunaona hakuna kitu kingine jikoni kinachorudisha pesa upesi hivyo.

Makala yenyewe yanunuliwe wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, yawekwe juu ya mbao, mbali na sakafu yenye unyevu. Ingiza mkono hadi katikati ya mfuko kabla ya kulipa, maana juu huwekwa vipande vizuri na ndani vumbi. Vumbi lenyewe lisitupwe: vikopo vitano vya vumbi, kimoja cha udongo wa mfinyanzi na maji kidogo, finyanga madonge, anika siku nne. Yanaungua polepole, yanafaa maharagi, hayafai chai. Usiwashe mbabula ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya makala huua bila harufu.

Bugali (ugali) una hatari yake. Unga hupimwa kwa kopo, na unga laini uliotifuliwa hujaza kopo haraka kuliko uzito wake. Kwa hiyo unga ununue kwa mizani, nafaka na maharagi nunua kwa murongo, baada ya kupitisha vidole ndani ya kopo na kugusa kitako. Unga wa muhogo wa bei ya chini sana mara nyingi umetoka kwa mihogo iliyolowekwa siku moja tu badala ya tatu au nne. Ladha yake ni chungu, na uchungu huo ni sumu. Mtu anayekula unga kama huo kila siku, bila samaki wala maharagi, anaweza kupata konzo, ugonjwa unaolemaza miguu ghafla na usioponyeka. Ndiyo sababu tunasisitiza kwamba kukata samaki na maharagi ili kubaki na bugali mtupu ni hatari, si akiba. Ukiwa tayari umeununua unga wa namna hiyo, uchanganye na maji uwe kama udongo laini, utandaze juu ya mkeka kwa unene usiozidi sentimita moja, uache saa mbili juani au tano kivulini, sumu itoke hewani. Upike siku hiyohiyo, la sivyo utachacha.

Sambaza hununuliwa kwa kuangalia mbingu. Samaki hawa waliletwa ziwa Kivu kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa haziwavuti, wavuvi wengi hubaki ufukoni na bei hupanda. Nunua wakati wa usiku wa giza, siku zinazozunguka mwezi mwandamo, ukaushe wako. Kilo moja ya sambaza wakavu inatokana na kilo tatu hadi nne za wabichi, kwa hiyo wakavu wakiuzwa chini ya mara tatu ya bei ya wabichi, wachukue wakavu. Onja mmoja kwanza. Akisaga mchanga menoni, alianikwa chini, na utalipia mchanga. Ukianika nyumbani, tumia wavu ulioinuliwa, lakini si chandarua cha mbu, kwa kuwa kina dawa. Wakavu watwangwe, kijiko kimoja cha unga wao kiingie katika uji wa mtoto.

Mboga hazihitaji maneno mengi. Lengalenga (mchicha) ndani ya mifuko mitatu ya udongo mlangoni huanza kuchumwa baada ya wiki nne, na hayo yanatosha kupunguza safari za soko.

Kuhusu pesa: bidhaa za dukani, mafuta, mchele na sukari, bei yake hutajwa kwa dola hata ukilipa faranga. Tuseme mbadilishaji wa barabarani anatoa faranga 2800 kwa dola, na muuzaji anakuhesabia 3000. Kwa ununuzi wa dola 20 umepoteza faranga 4000. Uliza kiwango kabla ya kuuliza bei, na kilichotajwa kwa dola kilipe kwa dola. Mboga na sambaza zilipwe kwa faranga, kwa noti ndogo, la sivyo chenji itarudi kama nyanya zilizopondeka.

Mafuta ya mawese ni bora kununuliwa na familia tano kwa bidoni moja ya litre 20, kila familia ipate litre nne. Kabla ya kulipa, chota kijiko, kipashe moto: yakipasukapasuka yametiwa maji. Kabla ya kugawa, weka bidoni juani hadi mafuta mazito ya chini yayeyuke, kisha itikise vizuri, maana bila hivyo wa kwanza hupata mafuta mepesi na wa mwisho mgando. Pimeni wote kwa chupa moja, mbele ya wote, na zamu ya kwanza ibadilike kila mwezi.