Kufyeka majani hakufungi faili la manispaa

Mkuu, ishia hapo hapo. Unasema umerithi nyumba ya mjomba, na manispaa imeibandika notisi ya kuirekebisha kwa kuachwa ikawa gofu. Hiyo mipango yako ya "nafyeka majani, napiga mabati mapya, notisi itajifia yenyewe kwa sababu imeandikwa jina la marehemu mjomba" ndiyo njia niliyopita mimi, na hadi leo mfuko unaniuma.

Notisi ile haimfuati marehemu kaburini, inabaki na nyumba. Muda waliokupa ukiisha, miji mingi huanza kuhesabu faini kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, halafu deni linaandikishwa juu ya kiwanja. Mimi nilitengeneza kila kitu: vichaka nikang'oa, madirisha yakawekwa vioo, paa likang'aa, majirani wakaja kunipongeza. Ila sikumwita mkaguzi arudi. Kwenye faili lake ile nyumba ilikuwa bado gofu, na faini ikaendelea kupanda kila kukicha. Nimekuja kujua siku nauza: karani wa hati ananigeuzia karatasi, deni limezidi gharama ya paa zima!

Na yule dalali aliyenishauri! "Hizo karatasi wanabandika kutisha watu tu, wakikuta pasafi wanaondoka." Chake alichukua, simu yangu hapokei. Notisi wangembandika yeye kwenye paji la uso, maana humo ndani hakai mtu.

Usiseme ni majani tu. Kule Dunedin, Florida, mtu alisafiri kushughulikia mirathi ya mama yake, majani yakarefuka nyuma yake. Wakamhesabia mkosaji wa kurudia, dola 500 kwa siku, hadi zikakaribia 30,000, na mji ukaidhinisha kesi ya kuichukua nyumba. Kwa majani!

Kwa hiyo, siku fundi anashuka kwenye paa, omba ukaguzi wa pili KWA MAANDISHI, piga picha zenye tarehe, na usilale hadi ushike barua ya kufunga shauri. Ukiona hutamaliza, omba nyongeza kabla muda haujaisha. Na rufaa nayo ina muda wake: England, kwa mfano, notisi ya kifungu cha 215 (ya sheria ya mipango miji, inayokuamuru usafishe eneo lililochakaa) unaikatia rufaa kabla haijaanza kufanya kazi. Ikishaanza, mlango huo umefungwa.

Uliuliza na rangi, sijui fundi gani... paka yoyote. Notisi imebandikwa lini? Hilo hukulisema.