Unataka kuchekesha watu kwenye klipu? Kaa na Mr. Bean kwanza

Wadau mnaotengeneza klipu za vichekesho, leo naomba niongee na nyie kidogo. Nasimamia kikundi cha vijana hapa mtaani, tunarekodi kwa simu tu, na kila kijana mpya akija swali lake ni hilohilo, bro tunachekesha vipi? Namwambia kamwangalie Mr. Bean, ila usimwangalie kama ulivyokuwa unamwangalia utotoni, unacheka inaisha, safari hii mwangalie kama unajifunza ufundi.

Maana klipu zetu nyingi ni kelele. Sekunde ya kwanza mtu keshaanza kupayuka, katikati kofi, mwishoni muziki mkubwa wa kutulazimisha tucheke. Sa jiulize, kwanini konda akiweka Bean kwenye basi la mkoani linacheka basi zima, mpaka bibi asiyejua Kiingereza hata neno moja? Haikuja kwa bahati ile. Rowan Atkinson, mwigizaji wa Bean, alianza kumtengeneza huyu mtu akiwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Oxford, na alikuwa anasomea shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme. Afu mwaka 1987, kipindi chenyewe hakijaanza hata kurushwa, akaenda tamasha la vichekesho la Montreal kule Kanada akaomba apangwe upande wa wanaoongea Kifaransa, makusudi kabisa, aone kama mtu asiyeelewa Kiingereza anamwelewa yeye. Yaani mtu anaipima kazi yake namna hiyo!

Kipindi cha kwanza kilirushwa kwenye televisheni ya ITV ya Uingereza tarehe 1 Januari 1990, na humo kuna kipande cha ufukweni ambacho vijana wangu nimewawekea sijui mara ngapi. Bean anataka kuvaa bukta ya kuogelea, lakini pembeni kuna jamaa kakaa, sa anaona aibu kuvua suruali. Anachofanya, anavaa bukta juu ya suruali, halafu anaanza kuhangaika kuitoa ile suruali kwa ndani, anavuta huku, anajipinda kule, jicho moja kwa jamaa, uso wa mtu aliyetulia anayeangalia bahari. Hakuna anachosema. Akishamaliza kazi yote hiyo yule jamaa ananyanyuka na fimbo nyeupe, kumbe haoni. Basi, kimeisha. Mtu mmoja, shida moja, aibu moja, na hana haraka hata kidogo. Na angalieni jinsi alivyo siriasi, kwake yeye hilo si jambo la kuchekesha, ni tatizo kubwa anatafuta suluhisho. Sisi tunacheka wenyewe kabla mtazamaji hajaanza na hapo ndo tunapoharibu.

Kingine ni kile cha mgahawani. Kaenda peke yake siku yake ya kuzaliwa, kadi ya pongezi kajiandikia mwenyewe, kaagiza steak tartare bila kujua ni kitu gani, ikaja nyama ya kusaga mbichi. Aibu ya kumwambia mhudumu siwezi kula hiki! Anaanza kuificha, ndani ya mkate, kwenye chombo cha maua, kwenye mkoba wa mama wa meza ya jirani, mpaka ndani ya suruali ya mpiga violini. Jamani nani kati yetu hajawahi kuwekewa chakula ugenini kikamshinda na wenyeji wanamwangalia usoni? Nikawapa vijana zoezi hilohilo kwa mazingira yetu, uko ukweni, umewekewa sahani, huwezi kula na hairuhusiwi kuongea. Aliyewafunika wote ni dogo mmoja mwenye kigugumizi ambaye siku zote alikuwa anaishia kushika kamera. Nikamwambia hata Atkinson mwenyewe ana kigugumizi, na ameshasema kwamba akiingia kwenye uhusika kinapotea. Kwahiyo kama una mtu wa hivyo kwenye kundi lako usimwache pembeni, mpe nafasi.

Ila msimwigize sura. Kukunja uso na kutoa macho na tai nyekundu, hiyo ni mali yake, ukiichukua unabaki kivuli chake tu. Chukua njia yake. Na msikimbizane na klipu tatu kwa siku, vipindi vya Mr. Bean, ukiacha katuni na filamu, vyote ni 15 tu na dunia nzima inavijua.

Anza na hicho cha 1990, kisha tafuta cha 1994 ambacho amenunua kiti cha sofa cha mtu mmoja, ndani ya gari lake dogo la Mini hakuna nafasi, basi anaifunga juu ya paa na kukaa humohumo kwenye kiti anaendesha gari kwa ufagio na kamba. Zima sauti kabisa. Kila ukicheka simamisha hapohapo, uandike kwenye daftari alikuwa anataka nini na nini kilimzuia, halafu ndo ushike simu uanze kurekodi yako.