DVD za kupamba na ule mkeka nilioufuma mimi

Shangazi yangu wa Kibokoni ana DVD mbili za harusi ya bintiye. Jamaa walioko Muscat wakawa wanazitaka kwenye simu. Kuzipeleka saiba haikuwezekana, maana moja ni ya kupamba, sherehe ya wanawake peke yao: wanawake wamefungua nywele, mabuibui yametundikwa, na mwanamume wa nyumbani haruhusiwi kuiona, seuze kijana wa dukani. Kazi ya kuzibana ziwe faili za simu ikaniangukia mimi.

Mara ya kwanza niliharibu. Kila DVD ina saa mbili na giga 4.3, nami nikailazimisha iingie kwenye megabaiti 700. Shangazi akatazama zile nyuso zilizokatika vijisanduku, akaniuliza, "Mwanangu, hii ni harusi ama mkeka?"

Nilikuwa nimeanza na ukubwa wa faili badala ya picha. Shehe akikaa kusoma hutuba hakuna kinachosogea, hapo hata ukibana sana haionekani. Lakini bibi harusi akiingia na gauni la vimetameta, huku wenziwe wanacheza na kumrushia maua, kila nukta inabadilika. Hapo ndipo mkeka unapofumika.

Sasa natumia HandBrake, programu ya bure. Naifungulia folda nzima ya VIDEO_TS iliyomo ndani ya DVD, si faili za VOB (vipande vya video vilivyomo humo) moja moja, kisha nachagua H.264, njia ya kubana video ambayo inabana vizuri zaidi kuliko MPEG-2 ya DVD. Ubora unapimwa kwa namba ya RF: ikiwa ndogo, picha ni nzuri na faili ni kubwa. Usibane saa mbili kwa kubahatisha. Tafuta dakika moja ngumu kuliko zote, ibane kwa namba tofauti, uitazame kwenye TV, kwa sababu simu inaficha aibu. Mimi nilijaribu lile gauni: RF 25 vimetameta vilikuwa uji, 20 safi kabisa, 22 sikuona tofauti ya kugombania. Nikabaki na 22.

Mtu akipunga mkono ukaona mistari kama meno ya chanuo, washa Decomb, kichujio cha HandBrake cha kuiondoa. Urefu wa picha ya DVD, mistari 576 kutoka juu hadi chini, uache hivyo hivyo. Kuikuza picha hadi 1080 ni kutia mchuzi maji. Sauti niliiweka AAC (aina ya kubana sauti) ya kilobiti 160 kwa sekunde, ambayo kwa saa mbili ni megabaiti 144 tu, ubahili hapo hauna faida. H.265, mdogo wake H.264, ingepunguza zaidi, ila TV ya shangazi haiisomi, na laptopu yangu na joto hili la Mombasa ilikuwa inataka feni yake peke yake.

Ya kupamba ilitoka giga 1.4. WhatsApp itume kama dokumenti, mwisho giga 2. Ukiituma kama video, itabanwa tena huko.

Shangazi alitaka kuzitupa DVD. Nimemkataza: siku tukitaka faili nyingine tutaanzia huko, si kubana kilichokwisha kubanwa. Zimerudi kabatini, chini ya leso.