Nani Aliilinda Fort Jesus?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia, Tabora. Wanafunzi wangu wananiuliza ilikuwaje Waomani wakae nje ya Fort Jesus karibu miaka mitatu, 1696 hadi 1698, bila kuingia. Wareno walikuwa wengi kiasi gani? Na ni kweli baadaye ilifanywa jela?

JIBU: Mwalimu, pokea salamu za Mombasa. Wareno hawakuwa wengi hata kidogo, na hapo ndipo vitabu vyetu vya shule hupita mbio.

Ukija, simama kwenye handaki utazame chini ya ukuta. Hutaona mahali mwamba unapoishia na ukuta kuanza: matumbawe yenyewe yamechongwa yakawa boma. Cairati, Mtaliano aliyeichora ngome, alipapata mahali panapotazama mlango wa bahari, na ujenzi ukaanza 1593. Boma kama hilo halibomolewi kwa siku mbili. Watu wa Imamu Seif bin Sultan, mtawala wa Omani, walifika Machi 1696, wakaizingira.

Ndani, pamoja na Wareno, walikuwemo mamia ya watu wa pwani, wakiwemo watu wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, mahasimu wa siku nyingi wa mji wa Pate. Kilichowamaliza zaidi ni maradhi. Mwaka 1697 tauni iliwafagia, na mwishoni mwa Agosti kapteni António Mogo de Mello naye akafa. Aliyeshika uongozi ni Bwana Daud wa Faza, na watu wachache wa pwani, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Mswahili ndiye aliyekuwa mkuu wa ngome ya Mreno! Wakashikilia hivyo hivyo hadi Septemba, meli za msaada zilipoingia.

Nimezaliwa Mji wa Kale, na jina la Bwana Daud sikulisikia mpaka nikiwa mtu mzima. Darasani tulikaririshwa Vasco da Gama. Tafadhali, Mwalimu, liandike ubaoni.

Moja ya meli hizo, Santo António de Tanná, ilizama papo hapo mbele ya ngome Oktoba ileile. Wazamiaji waliifukua kati ya 1977 na 1980, na vyombo vyake utaviona kwenye makumbusho. Msaada wenyewe haukutosha. Desemba 13, 1698 Waomani waliingia, wakakuta watu wa kuhesabika.

Jela? Ndiyo, Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Lakini neno lilitangulia. Wajuzi wa lugha hulitoa neno “gereza” kwenye igreja, yaani kanisa kwa Kireno, na watu wa pwani waliita ngome “gereza” kabla Mwingereza hajafunga mtu humo. Marehemu bibi yangu, wafungwa walipokwisha kuondolewa na watalii kuanza kuja, bado alituagiza: “Mkatembee, lakini msipite nyuma ya gereza, maji yamejaa.”