Barua kwa mwanangu: Ubongo wa nyuki au maji ya mto?

Mwanangu mpendwa,

Huku Kakamega hatujambo, ila mvua imezidi na barabara ya sokoni haipitiki. Umeniuliza, kama mama na kama mwalimu wa biolojia, uchukue mradi gani wa mwaka wa nne: ule wa kupima maji ya mto, ambao wenzako wanaukimbilia kwa kuwa unaisha upesi, au ule wa ubongo wa nyuki. Ukaongeza kwamba shangazi yako alicheka sana, akauliza tangu lini nyuki akawa na ubongo wa kusomewa chuo kikuu.

Mwambie anao. Ujazo wake ni kama milimita moja tu ya mchemraba, lakini una seli za neva zinazokaribia milioni moja. (Sisi binadamu tuna kama bilioni 86, na bado tunapotea mjini Nakuru.) Kwa ubongo huo nyuki hukumbuka njia ya kilomita kadhaa, harufu ya ua lenye nekta, hata na saa ambayo ua hilo hufunguka. Mwaka 1850 Mfaransa Félix Dujardin aliona ndani ya ubongo wa wadudu sehemu mbili zenye umbo la uyoga, akahisi kwamba zinahusiana na akili kwa sababu ni kubwa kwa wadudu wanaoishi kijamii. Hadi leo watu wanazichunguza.

Kwa hiyo chukua wa nyuki. Ila usiufanye ulivyonieleza. Unataka kupasua ubongo wa nyuki walezi na wa wale wanaotoka kutafuta chakula, upime sehemu hizo, uone kama kazi hukuza akili. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichapisha matokeo ya upimaji kama huo, na kweli kwa wanaotoka nje zilikuwa zimekua. Lakini nyuki huanza kwa kulea, na hutoka nje akishatimiza wiki tatu hivi. Je, ni kazi iliyozikuza au ni umri? Ikabidi waunde kundi la nyuki wachanga watupu, ili baadhi yao walazimike kutoka mapema, na hao nao wakaonyesha ukuaji. Miaka michache baadaye nyuki waliofugwa gizani, wasiowahi kuruka, pia wakaonyesha ukuaji! Fundo hilo hutalifungua kwa muhula mmoja, tena kwa darubini ya kugombania. Isitoshe, sehemu kukua si sawa na nyuki kuwa na akili zaidi.

Pima kujifunza kwenyewe. Wakamate nyuki mlangoni mwa mzinga wanaporudi na chavua miguuni, uwaweke kwenye barafu mpaka watulie tu, usiwagandishe. Mmoja mmoja umwingize ndani ya kipande cha mrija, umzuie kwa ukanda mwembamba wa selotepu nyuma ya kichwa, kichwa na papasi (zile nyuzi mbili za kunusia kichwani) vibaki huru. Akizinduka, mlishe kidogo kisha umwache apate njaa. Ukigusa papasi zake kwa maji ya sukari atatoa ulimi. Asiyetoa, mweke kando, huenda ameshiba. Sasa mpulizie harufu, tuseme ya karafuu, sekunde chache, na kabla haijaisha mguse kwa sukari umwachie alambe. Rudia baada ya dakika kadhaa. Baada ya mara chache wengi watatoa ulimi kwa harufu peke yake, na hapo utaona kumbukumbu ikitokea mbele ya macho yako. Mimi naona hakuna jaribio la biolojia lenye raha kuliko hilo.

Usisahau kundi la pili: wapate harufu na sukari vilevile, lakini kwa nyakati zilizoachana, visifuatane. Bila hao, mtahini atakuuliza umejuaje kwamba ulimi haukutoka kwa njaa tu, nawe utakosa la kujibu. Linganisha walezi na watafutaji ukitaka, ila sema wazi kwamba wanatofautiana umri pia.

Kuhusu kazi, sitakudanganya: tangazo la kutafuta mtaalamu wa ubongo wa nyuki sijaliona. Lakini atakayekuajiri atataka mtu anayejua kupanga jaribio na kuandika hata matokeo yasiyompendeza. Na nchi hii ina ICIPE, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, yenye kituo Mbita kando ya Ziwa Viktoria. Waandikie ukishamaliza.

Kabla hujatia sahihi, muulize msimamizi wako kama maabara ina feni ya kufyonza harufu, maana karafuu ikibaki hewani kila nyuki atakuwa amechanganyikiwa. Kama haipo, nipigie. Baba yako anasema anaweza kuiunda kwa feni ya kompyuta kuukuu.

Wako,
Mama